Ukurasa wa Hesbon Haututaji

Jumatatu, 7 Oktoba

Mary Ann, tuliyesoma naye chuo, sasa ni muuguzi Hamburg. Leo amenitumia picha ya kioo cha simu yake na maneno haya: "Niaje Mama Kim. Si ulisema mko na duka ya Kijerumani? Nimetafuta kadi za Krismasi za karatasi ya mahindi, nimeletewa Kiswahili na bei ya shilingi. Wenzangu wa wodi wameangalia, wakacheka, wakafunga. Pole bana."

Ukurasa aliouona si wetu. Ni wa kaka yangu Hesbon, aliye Webuye. Hesbon hutengeneza karatasi kwa mikono, kwa maganda ya mahindi na migomba, ufundi aliouchukua kwa marehemu baba yetu aliyefanya kazi kiwanda cha karatasi. Yeye huuza hapa nyumbani na Uganda: kadi za harusi, vyeti vya shule, bahasha za kanisa. Mimi na mume wangu Zachary, tukiwa hapa Kitale, tunachukua karatasi hiyohiyo na kuiuza ng'ambo. Tuna ukurasa wa Kijerumani kwa Wajerumani na wa Kiingereza kwa Waingereza. Tulikuwa nyumba moja yenye milango miwili.

Tangu tumzike mama Novemba iliyopita, Hesbon hasemi na Zachary. Karatasi inakuja kwa gari la mizigo, imefungwa vizuri kama kawaida, lakini bila neno. Zamani kila mzigo ulikuwa na kifuko cha simsim ya kukaanga cha mwanangu Kim. Sasa hakuna.

Jioni nilimwonyesha Zachary ile picha. Akaitazama, akanirudishia simu.

"Mama Kim, Krismasi hii ikienda hivi, tunafunga. Mimi narudi kufundisha."

Duka likifungwa, karatasi haitakuja tena, na karatasi ndiyo kitu cha mwisho kinachotoka kwa kaka yangu kuja kwangu. Ndiyo maana nimeanza kuandika hapa. Nikimwambia Zachary anasema nimechoka, na nikimwambia Shosho, mama yake tunayeishi naye, anasema niombe.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimejua ugonjwa. Kichwani mwa kila ukurasa wa mtandao kuna mistari ambayo mnunuzi haioni, mashine ya kutafuta ndiyo inayoisoma. Ni lebo za lugha na nchi. Zinaiambia mashine: huu ni wa wanaosema Kijerumani walioko Ujerumani, huu ni wa Kiswahili kwa Wakenya, mtu wa Uingereza mpeleke kule. Lebo zikikosewa, mashine inaona picha zilezile na kadi zilezile kwenye kurasa nyingi, inachagua inayotaka. Imechagua wa Hesbon kwa sababu ni wa zamani kuliko wetu.

Lebo zetu zilikuwa aibu. Ya Uingereza ilikuwa imeandikwa vibaya tangu mwanzo, na ukurasa wa Kijerumani ulikuwa umesahau hata kujitaja wenyewe. Nimezinyoosha zote kabla ya chakula cha mchana. Nilijisikia fundi kabisa, nikakaanga mayai mawili peke yangu.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua, na wakati huu haitakiwi. Mahindi tumeyakata na kuyasimamisha shambani, na Shosho anaitazama mbingu kwa jicho la mwalimu mkuu.

Jumapili, 20 Oktoba

Mary Ann amejaribu tena. Bado anapelekwa kwa Hesbon.

Na leo mtu wa Mbale ametuandikia kwa hasira. Anataka kadi za harusi ya binti yake, ametafuta, ameletwa kwenye ukurasa wetu wa Uingereza, bei kwa pauni. Ameuliza kama tunamdhani ni mtoto wa malkia. Nimempa namba ya Hesbon. Kwa hiyo naye anapoteza watu wake kama sisi, ila hajui.

Nimesoma mpaka macho yakauma, na sasa naelewa. Haitoshi ukurasa wangu kusema wa Hesbon ni ndugu yake. Lazima na wa Hesbon useme hivyohivyo kuhusu wangu. Mmoja akitaja na mwenzake asitaje, mashine inalitupa neno lote. Na ina haki. Bila hivyo mtu yeyote angejiita ndugu wa tajiri.

Basi nikafungua ukurasa wa Hesbon kwa ndani, jambo ambalo yeyote anaweza kufanya. Mwaka juzi mimi mwenyewe niliweka pale mistari inayotutaja. Haipo. Imeondolewa yote, kwa usafi, na aliyeiondoa hakugusa kitu kingine. Ukurasa wa Hesbon haututaji.

Nimekasirika mpaka nimevunja kikombe. Kaka yangu ni kichwa kigumu tangu utotoni, lakini sikujua anaweza kumkata mtu mahali ambapo hata hakuna anayeona.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimempigia Hesbon.

"Mulembe," akasema.

"Mulembe, Hesbon."

Akauliza Kim anaendeleaje, Shosho anaendeleaje, mahindi yamepigwa na mvua ama vipi. Sauti ilikuwa ileile ya kunibeba mgongoni tukienda kisimani. Nikamweleza mambo ya lebo, polepole, na hasara anayopata yeye mwenyewe.

"Hesbon, ni mistari tu. Nitumie ruhusa, mimi nitaweka."

"Nabwile," akaniita kwa jina, "hiyo mistari najua ni nini. Ni mimi nilisema itolewe."

"Sasa kwa nini?"

"Bwana yako nilimtaja mara moja, mbele ya watu wote. Sitamtaja tena mpaka aitike."

"Aitike nini?"

"Muulize."

Akakata. Nilimuuliza Zachary. Akasema hajui, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua. Hakuna oda hata moja.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimempigia Nangila, mke wa Hesbon, wakati najua kaka yuko kwenye karakana.

"Kwani hukujua?" akasema. "Ah, ni kweli, wewe ulikuwa unalala ndani na malaria."

Kwetu nyumbani mazishi hayaishi kaburini. Siku chache baadaye kuna siku ya kunyoa. Watoto wa marehemu wananyolewa nywele, ukoo unakaa, mambo ya marehemu yanazungumzwa. Halafu wakwe wanatajwa mmoja mmoja, na kila mkwe anasimama, anaitika, watu wanamwona. Mama akiwa hayupo tena, ndipo ukoo unajua nani bado ni wake. Siku hiyo mimi nilikuwa chumbani natetemeka chini ya blanketi mbili, sijui asubuhi wala jioni.

"Hesbon ndiye alisimama kuwataja," Nangila akasema. "Akafika kwa Zachary. Akamsifu, unajua Hesbon akianza. Ati huyu si mkwe, huyu ni ndugu, karatasi yangu inafika Ulaya kwa sababu yake. Akamwita. Kimya. Akaita tena. Watu wakaanza kuangaliana. Mjomba wenu, Mzee Wekoye, akauliza, huyo ndugu wa Ulaya ako wapi? Watu wakacheka. Hesbon akaketi, hakumaliza wakwe wengine."

Zachary alikuwa ameshaondoka. Alirudi Kitale jioni ileile ya mazishi kwa sababu kulikuwa na mzigo wa Krismasi wa kufunga.

Nilikuwa namwona Hesbon akiketi.

Ijumaa, 1 Novemba

Nimekaa na neno hili siku kadhaa nikitafuta wakati mzuri wa kumwambia Zachary, na wakati mzuri haukuja. Nikamwambia tukipukuchua mahindi.

Akaweka gunzi chini.

"Nilibeba jeneza, Nabwile." Akikasirika huniita kwa jina. "Nilishika chepe. Kwetu mkishafunika kaburi na kuweka maua, pasta anafunga kwa sala, watu wanakula, wanaenda nyumbani. Nani aliniambia kuna siku nyingine?"

"Hakuna."

"Sasa kosa yangu ni gani?"

Nikasema sijui. Shosho, aliyekuwa ameketi nasi akichagua mbegu, akasema kwa upole wake wa kuchoma, "Huyu hata kuzaliwa alizaliwa na haraka. Mkunga hakuwa amefika."

Zachary akaondoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa sawa kabisa.

Nami nilibaki na mawazo. Wiki mbili hizi nimemwita kaka yangu kila jina baya, na leo nilitaka kumwita mume wangu hayohayo. Lakini kila mmoja alifanya kile watu wake hufanya. Mmoja aliondoka akidhani amemaliza, mwingine akaita akidhani ataitikiwa. Hasira yangu imekosa mtu wa kumwangukia, na hasira ya namna hiyo inachosha kuliko zote.

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua ilitukuta mahindi yakiwa kwenye turubai. Tumekimbia wote, hata Shosho na fimbo yake.

Zachary amekuja na dawa yake. "Tusimbembeleze mtu. Tengeneza ukurasa wetu wa Kiswahili. Kenya, Uganda, wote. Lebo zote ziwe mkononi mwetu, zitajane zenyewe. Hatumhitaji."

Na ni kweli ingefanya kazi. Hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeutengeneza. Nimefanya kazi siku mbili, na ni kazi nzuri, nzuri kuliko ya Hesbon. Maneno yamenyooka, picha zinafunguka haraka. Nikikibonyeza kitufe kimoja tu, mashine itaona kurasa tatu zinazotajana bila dosari, itamtambua Mjerumani na Mwingereza na Mkenya, kila mtu kwake. Na ukurasa wa Hesbon, ambao hautajwi na mtu, utashuka taratibu mpaka mahali ambapo hakuna anayefika. Mtu wa Mbale atanunua kwetu kadi za karatasi ya Hesbon. Bibi harusi wa Webuye, anayeweza kuona moshi wa karakana yake, atanunua kwetu.

Nimekaa mbele ya kile kitufe. Nimefikiria Krismasi. Nimefikiria Zachary akirudi kufundisha darasa la watoto themanini, kazi iliyomtoa pumzi. Nimeogopa, na niseme wazi kwamba kidogo tu ningebonyeza.

Halafu nikafuta. Sikuuficha mahali, nimeufuta wote, ili kesho nisipate nguvu ya kuwa mjinga.

Nilipomwambia Zachary nilitarajia vita. Akasema tu, "Sawa," akachukua tochi akaenda stoo.

Jumamosi, 9 Novemba

Jua, hatimaye. Nilikwenda stoo kutafuta magunia, nikamkuta Zachary amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachagua maganda. Yale ya ndani, meupe, laini, yasiyo na doa la mvua. Ndiyo Hesbon anayoyataka kwa kadi. Nyuma yake kulikuwa na magunia yaliyojaa mpaka dirishani.

"Hizi ni za nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Si ni za Hesbon."

"Ulianza lini?"

"Tangu tukate mahindi." Hakuinua kichwa. "Mtu akinuna, kazi yake haijanuna."

Kwa hiyo kila jioni aliposhika tochi nilidhani anakimbia maneno yangu, kumbe alikuwa anamchagulia shemeji yake maganda. Mume wangu hajui kusema pole. Kwao pole husemwa kwa mkono, na mkono wake umekuwa ukisema tangu Oktoba. Nilikaa kwenye gunia nikamsaidia.

Baadaye akauliza, "Ukumbusho wa mama ni Jumamosi ijayo, sivyo?"

"Ndiyo."

"Mimi nitatangulia na pikapu ya maganda. Nyinyi mtanifuata."

Jumatano, 13 Novemba

Mary Ann ameandika kwamba huko Krismasi imeanza madukani. Nimemwambia asubiri.

Jumamosi, 16 Novemba. Webuye

Naandika kwa Nangila, mezani kwake, wengine wamekwenda kuwasindikiza wageni.

Tulifika mimi, Shosho na Kim wakati sala imekwisha. Watu walikuwa wamekaa chini ya turubai, na pikapu ya maganda imeegeshwa kando ya karakana, haijashushwa. Nikamtafuta Zachary kwa macho. Simwoni. Nikasema, huyu ameacha maganda akakimbia tena.

Kim ndiye aliyenivuta nguo. "Mama, angalia baba."

Kwenye safu ya mwisho kulikuwa na kichwa kinachong'aa. Zachary, mwanamume anayechana nywele kabla ya kwenda kukama, alikuwa amenyoa upara. Amepitia kinyozi mjini.

Mzee Wekoye, mjomba wetu, aliuliza kama kuna mwenye neno. Zachary akasimama. Niliona Hesbon, mbele kabisa, akiinamisha macho.

"Mimi ni Zachary Gathogo, wa Kitale," akasema. "Mimi ni bwana ya Nabwile. Mwaka jana niliitwa hapa, sikuwa hapa. Sikujua kuna siku ya kunyoa. Sisi tukizika, tunaenda. Lakini niliitwa, na mtu akiitwa, aitike. Sasa nimekuja kuitika. Niko." Akashika kichwa. "Na nimenyoa."

Mzee Wekoye alimtazama yule mkwe kutoka juu mpaka viatu, kisha akarudi juu.

"Kijana," akasema, "nani alikwambia mkwe hunyolewa?"

Zachary akafungua mdomo. "Si... siku ya kunyoa?"

"Wananyolewa watoto ya marehemu! Mkwe anakuja na kichwa yake tu!"

Kicheko kilianzia kwa akina mama waliokuwa jikoni, kikaja kama mvua juu ya mabati. Shosho alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Zachary alisimama pale katikati, mkono ungali kichwani, hajui aketi au akimbie, nami nilitaka kulia kwa jinsi nilivyompenda.

Hesbon hakucheka mara moja. Alishikilia nguzo ya turubai, mabega yakaanza kumtikisika, nikaogopa kwamba analia. Labda alikuwa analia. Kisha kicheko kikamshinda. Akatoka mbele, akapita katikati ya viti, akavua kofia yake, akamvisha Zachary.

"Jua ya Webuye itakumaliza, shemeji," akasema.

Akamshika mkono, akawageukia watu. Akaanza upya, maneno yale ya mwaka jana aliyoambiwa Zachary akiwa hayupo, kwamba huyu si mkwe, huyu ni ndugu. Akayasema yote mpaka mwisho. Kisha akawataja wakwe wengine, wale aliowaacha siku ile, kila mmoja akasimama akaitika.

Mzee Wekoye akasema, "Sasa huyo mama amezikwa. Leteni chakula, na hiyo maganda ya karatasi ishushwe, itanyeshewa."

Jumapili, 17 Novemba. Webuye

Baada ya kanisa nimekaa na Hesbon kwenye kompyuta yake, ambayo kibodi yake imejaa unga wa karatasi. Nimerudisha mistari. Ukurasa wake unautaja wetu, wetu unautaja wake, na kila mmoja unajitaja wenyewe. Nimepima, hakuna kosa.

Hesbon alikuwa ameegemea bega langu.

"Na mtu akifungua ukurasa yangu, ataona hayo majina?"

"Hapana. Hakuna mtu anaona. Ni ya mashine tu."

Akafikiri. "Mashine imeona. Sasa weka pia mahali watu wanaona."

"Si lazima, Hesbon. Haisaidii kwa kutafutwa."

"Nabwile, mimi nimesema inasaidia?"

Nikamwachia kibodi. Akaandika kwa vidole viwili, chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo wengine huweka namba ya simu: Walioko ng'ambo, nendeni kwa dada yangu na shemeji yangu, Kitale. Alipomaliza akasoma kwa sauti, akaongeza: Ni watu wetu.

Jumatano, 20 Novemba

Mashine haina haraka. Mary Ann bado anaona Kiswahili. Zachary anauliza kila saa, nami namjibu kwamba yeye alichukua mwaka mzima.

Jumatatu, 25 Novemba

Amepata! Mary Ann ametuma picha: ukurasa wetu, Kijerumani, bei kwa yuro, wa kwanza kabisa. Ameandika, "Wodi nzima inaagiza, jipange." Mchana oda tano, jioni tumeacha kuhesabu, tunafunga tu. Mtu wa Mbale naye ameandika kwamba kadi za binti yake amezipata kwa Hesbon, na kwamba anatusamehe zile pauni.

Jumamosi, 30 Novemba

Mzigo wa karatasi umefika kutoka Webuye. Kim aliufungua kabla yangu. Nilisikia akipiga kelele kutoka uani, nikajua ni simsim.

Mchana tulipeleka mahindi kusagwa. Zachary alivua ile kofia ya Hesbon ili apanguse vumbi, na Khisa mwenye kinu, mtu wa kwetu Bungoma, akaona kichwa. Nywele zimeanza tu kuota.

"Pole sana, Baba Kim," akasema. "Kwani umefiwa?"

"Eeh. Mama mkwe."

"Pole. Lini?"

"Mwaka jana."

Khisa akanitazama mimi, nikatazama unga. Akamrudia Zachary. "Lakini kwetu mkwe hanyolewi."

"Najua," Zachary akasema, akavaa kofia yake. "Lakini mimi nilichelewa."